Difloki ipi itakufaa kwenye njia za Rhamu?

Pikapu ya 4x4 yenye injini nzima na tairi mpya inaweza kulala kwenye lagha (mto wa msimu) usiku kucha, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakizunguka bure huku mengine mawili yametulia tuli. Wenye magari wa Rhamu hukutana na hali hii kila msimu wa mvua kwenye barabara ya Mandera, ile ya kilomita 70 hivi inayofuatana na mto Daua. Wengi humlaumu dereva. Mara nyingi chanzo ni difu, na dawa yake ni difloki, kifaa cha kuifunga. Tatizo ni kwamba difloki ziko za aina nyingi, zote ni ghali, na ukikosea kuchagua unaharibikiwa mahali ambapo spea inatoka Nairobi, karibu kilomita 1,000.

Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Lakini difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Tuseme gurudumu la kushoto limo kwenye tope na haliwezi kushika zaidi ya msukumo wa kilo 50, ilhali la kulia liko kwenye changarawe na linaweza kushika kilo 400. La kulia nalo litapewa kilo 50 tu, na jumla yake ni 100. Ukifunga difloki, magurudumu yote mawili huzunguka pamoja, kila moja likasukuma kwa kadiri linavyoshika: 50 na 400, jumla 450. Injini ni ileile na mafuta ni yaleyale.

Kuingiza gia ya 4x4 peke yake hakuondoi shida hii. Kwenye gari kama Land Cruiser 79, transfa huunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, lakini ndani ya kila ekseli difu hubaki wazi. Gari likikaa mshazari kwenye ukingo wa lagha, gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia yakining'inia, nguvu yote hupotelea hewani.

Sokoni utakuta aina tatu kuu. Ya kwanza ni difu ya sahani za msuguano, ambayo hubana kiasi gurudumu linapoteleza. Ni tulivu barabarani, ila sahani huisha, inataka oili yake maalumu, na gurudumu likiwa hewani kabisa haisaidii sana. Mwenye nayo, ikiwa breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, anaweza kuivuta kidogo huku akikanyaga mafuta taratibu. Mara nyingi gari hutoka.

Ya pili hujifunga yenyewe, mfano Detroit Locker. Haina waya wala mpira wa hewa, na ni imara sana. Lakini haimsubiri dereva aamue. Kwenye barabara ya udongo iliyoinuka katikati, ikilowa, magurudumu ya nyuma yakisukuma kwa pamoja hutelezea mtaroni. Kwa gari linalobeba abiria, mimi siishauri.

Ya tatu hufungwa na dereva mwenyewe kwa swichi, ama kwa mota ya umeme kama zinazotoka kiwandani kwenye baadhi ya Land Cruiser, ama kwa hewa kama ARB Air Locker ya Australia. Ukiizima, difu ni ya kawaida. Ukiiwasha, imefungwa kabisa. Ndiyo ninayoipendekeza kwa njia zetu. Ya hewa inadai kompresa iliyofungwa mbali na vumbi na mpira usiogusa ekzosi. Ya umeme hukwama isipotumika, kwa hiyo ifunge na kuifungua angalau mara moja kwa mwezi kwenye mchanga laini. Mwenye lori kubwa ana nafuu: hewa ya breki tayari anayo, na mara nyingi difloki imo tangu kiwandani.

Anza na ekseli ya nyuma, kwa kuwa mzigo hukaa huko. Difloki ya mbele hufanya usukani uwe mzito, na ukikata kona kali huku imefungwa unaweza kuvunja shafti.

Ukinunua gari kuukuu na muuzaji akaapa kwamba difloki inafanya kazi, mjaribu. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua ya nyuma yote mawili na uyaegemeze kwenye stendi imara, gia iwe huru. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu iko wazi. Washa difloki, ukitumia swichi tu bila kuwasha injini ikiwezekana, kisha zungusha tena: yote mawili yafuatane. Fungua pia nati ya oili chini ya difu uipanguse kwa kitambaa. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma ni onyo.

Kabla ya kutoa pesa hizo zote, angalia tairi. Pikapu isiyo na mzigo, ukishusha presha hadi paundi 20 hivi, hupita mchanga mwingi bila difloki yoyote. Ukishatoka, jaza tena kabla ya kukimbia.

Mfundishe dereva kufunga difloki kabla ya kuingia pabaya, gari likiwa limesimama, na kuifungua akifika kwenye ardhi ngumu. Na amri moja iwe ya mwisho: difloki hushindana na tope na mchanga, haishindani na maji yanayokwenda. Novemba 2023, Daua ulipofurika na barabara za Mandera zikakatika, hakuna difu ambayo ingelizuia gari kubebwa na lagha iliyojaa. Hapo dereva asimame upande aliko, angoje maji yapungue, hata ikiwa ni hadi kesho.