Pomboo Hatibu Usonji

Likizo ikikaribia, swali ni lile lile: "Daktari, tumpeleke mtoto akaogelee na pomboo? Tumesikia wanatibu usonji." Safari hii limekuja na bei ya safari ya Uturuki, na mzazi anafikiria kuuza kiwanja. Mimi ni daktari wa wanyama; kwamba swali la mtoto linaletwa kwangu lingetosha kumshtua mtu. Jibu ni hapana. Kiwanja kisiuzwe.

Wauzaji husema mlio wa pomboo hupenya mwilini na kuamsha ubongo. Mlio ule ni wa kutafutia samaki na njia. Kila mdundo hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde, na pomboo huuelekeza anakotaka yeye, si kwenye kichwa cha mtoto wako. Mtaalamu wa viungo anayetumia mawimbi ya sauti hupaka jeli, hukizungusha kifaa juu ya sehemu moja kwa dakika kadhaa, kisha hukuambia urudi tena. Hata hivyo anashughulikia misuli, usonji hautibu. Na kama mlio ungeponya, wakufunzi wanaoshinda mabwawani wangekuwa na afya kuliko sisi sote. Wengine wao hung'atwa na kupigwa vikumbo na mnyama wa kilo mia mbili.

"Lakini mtoto wa fulani alicheka, akatamka neno!" Naamini. Alikuwa likizo, baba na mama wote wapo, maji ya vuguvugu, mtaalamu yuko naye asubuhi nzima, hakuna anayemgombeza. Mwondoe pomboo hapo, uone kama kicheko kitapungua. Jaribio hilo wauzaji hawana haraka nalo. Watafiti Lori Marino na Scott Lilienfeld walizichambua tafiti za tiba hii mwaka 1998, wakarudia 2007, na mara zote walikuta kasoro kubwa kiasi cha kutosimamisha dai lolote la tiba. Betsy Smith, mmoja wa walioianzisha tiba hii huko Florida miaka ya 1970, aliiacha mwenyewe, akasema inawanyonya wagonjwa na wanyama kwa pamoja.

Na mganga mwenyewe ana hali gani? Mnasema anatabasamu. Taya lake limejikunja hivyo tangu kuzaliwa. Pomboo aliyefia wavuni anatabasamu vilevile. Acheni uso, tazameni ndoo ya mkufunzi. Samaki waliogandishwa hupoteza vitamini, basi vidonge husukumizwa kwenye matamvua yao kabla hawajarushwa. Pomboo hapati maji ya kutosha kwa samaki hao kama anavyopata kwa samaki wabichi wa baharini, kwa hiyo hulishwa pia jeli. Vidonda vya tumbo ni vya kawaida mabwawani. Mwaka 2007 pomboo 28 waliokamatwa Visiwa vya Solomon walipakiwa kwenye ndege hadi Dubai, wanyama waliozoea kuogelea makumi ya kilomita kwa siku. Burudani peke yake imeanza kuona haya: India ilikataa mabwawa ya pomboo 2013, Kanada ikafuata 2019. Tiba ndiyo mlango wa uani, na ugonjwa wa mtoto umegeuzwa kibali cha kumfunga mnyama. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Haya, fedha zenu. Mtoto apimwe hospitali ya rufaa. Tafuteni mtaalamu wa usemi, na wa kumfundisha kula, kuvaa na kushika kalamu. Mwulizeni wa usemi kuhusu kadi za picha kama mtoto haongei. Jifunzeni mazoezi yao nyinyi pia, kwa sababu nyumbani ndiko yanakofanyika. Akipenda maji, apate mwalimu wa kuogelea mwenye subira, na msimwache peke yake hata dakika moja: watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji, na wengine huzama. Pomboo muwaone Kisite, Watamu au Kizimkazi, mkiwa chomboni. Nahodha akianza kuwafukuza pomboo au kuwahimiza nyinyi mruke majini, mwambieni apunguze injini. Akikataa, mtafuteni mwingine.