Jambazi Huyu au Jambazi Hili? Maoni ya Watazamaji wa Filamu na Ufundishaji wa Kiswahili

Utangulizi

Tunapowapa wanafunzi wetu zoezi la kutoa maoni kuhusu filamu, mara nyingi hupokea karatasi zinazofanana. Filamu ni nzuri, inafundisha, tuige mazuri na tuache mabaya. Mwanafunzi anapata alama zake, lakini sisi hatujui aliona nini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maoni ya mtazamaji hayakai tu katika sentensi inayoanza na "kwa maoni yangu". Hukaa pia katika nomino anayoichagua, katika upatanisho wa kisarufi anaoutumia, na katika vijineno kama eti, kumbe na lakini. Mfano nitakaoutumia ni mazungumzo yaliyofanyika sebuleni kwangu hapa Kagugu, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe siku hiyo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alasiri, baada ya umuganda. Wanafunzi sita wa mwaka wa pili wanaopanga Kagugu na Batsinda walikuja kutazama filamu ya Kimarekani iitwayo Thunderbolt and Lightfoot. Niliichagua kwa sababu ni ya zamani na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia. Kwa hiyo hapakuwa na maoni ya kuazima.

Filamu yenyewe kwa ufupi

Filamu hii ilitoka mwaka 1974. Ilikuwa ya kwanza kuongozwa na Michael Cimino, ambaye mwaka 1978 alitoa The Deer Hunter. Waigizaji wakuu ni Clint Eastwood na Jeff Bridges, na sehemu kubwa ilipigwa katika jimbo la Montana, kwenye mashamba ya ngano na barabara ndefu zisizo na watu.

Inaanza kanisani. Mhubiri anahubiri, mtu mwenye bunduki anaingia na kuanza kumfyatulia risasi, naye mhubiri anakimbilia shambani. Anaokolewa na kijana aitwaye Lightfoot, ambaye muda mfupi uliopita ameiba gari. Mhubiri huyo ni mwizi mkongwe, Thunderbolt, anayewindwa na wenzake wa zamani, Red Leary na Eddie Goody. Hao wanaamini kwamba amewadhulumu fedha walizoiba pamoja. Fedha hizo zilifichwa nyuma ya ubao wa darasa katika shule ndogo ya kijijini. Wanapofika pale wanakuta shule mpya imejengwa, ile ya zamani haipo.

Basi kijana anatoa wazo: tuibe tena mahali palepale. Wote wanne wanatafuta vibarua ili wapate mtaji, kisha wanavunja chumba cha fedha kwa mzinga wa milimita 20. Mambo yanaharibika. Goody anapigwa risasi, na Red anamtupa nje ya gari. Kisha Red anawageukia wawili waliobaki na kumpiga Lightfoot mateke ya kichwa. Anakimbia na fedha, lakini hafiki mbali, kwani anaishia kuraruliwa na mbwa mlinzi dukani.

Thunderbolt na Lightfoot wanaendelea na safari kwa miguu na kwa lifti, na kwa bahati wanaiona ile shule ya zamani. Haikubomolewa bali ilihamishwa ikawekwa kama kumbukumbu ya historia. Fedha zimo, nyuma ya ubao uleule. (Walimu wenzangu, tafadhali msianze kuvunja mbao za madarasa.) Thunderbolt ananunua Cadillac nyeupe ambayo kijana alikuwa akiiota. Lakini Lightfoot ameshapooza upande mmoja kwa yale mateke, na anafia ndani ya gari hilo, kando ya rafiki yake.

Mtazamaji na msimulizi wake

Kabla ya kueleza walichosema wanafunzi, inafaa tukumbuke jinsi vijana wa ukanda wetu walivyozoea kutazama filamu za kigeni. Hapa Rwanda kuna agasobanuye, yaani filamu ambayo msimulizi huifafanua kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji. Nkusi Thomas, aliyejulikana zaidi kwa jina la Yanga na aliyefariki mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kazi hiyo. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wanaoitwa maveejay.

Wasimulizi hawa hawatafsiri tu, huwapa watazamaji maoni yaliyokwisha kupikwa. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, niliingia mara kadhaa katika vibanda vya video ambavyo wenyeji huviita vibanda umiza. Humo kila mhusika alikuwa na cheo chake: huyu ni stelingi, yule ni adui. Msimulizi akishamwita mtu adui, kibanda kizima kimeshaamua. Na kanuni moja ilijulikana na wote: stelingi hafi.

Siku ile Kagugu tuliitazama filamu kwa Kiingereza chake, bila msimulizi. Ilibidi kila mtu atafute maneno yake.

Maoni yaliyotolewa

Maoni yaligawanyika mapema kuliko nilivyotarajia.

Mwanafunzi wa kwanza alisema filamu imekwisha vizuri, kwa sababu stelingi, yaani Thunderbolt, amepona na fedha amezipata. Wa pili alikataa. Kwake yeye stelingi ni kijana, kwa hiyo filamu imevunja kanuni na imekwisha vibaya. Niliwaeleza kwamba Jeff Bridges aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo, lakini katika kundi la waigizaji wasaidizi. Jibu likawa: "Waliompa nafasi ya msaidizi hawakuitazama mpaka mwisho."

Wa tatu aliuliza swali lililotunyamazisha: "Rafiki gani huyu asiyempeleka mwenzake hospitali?" Ni kweli, mtazamaji anamwona kijana akidhoofika, ulimi unakuwa mzito, mguu unaburuzwa, lakini haoni daktari popote. Anaona gari jipya likinunuliwa. Mwanafunzi huyo aliitumia methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, akaitumia dhidi ya Thunderbolt. Mwenzake alijibu kwamba Thunderbolt hakumwacha njiani kama Red alivyomtupa Goody. Alileta methali nyingine, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, akasema filamu hii inaipinga methali hiyo kwa sehemu: mwenzake hakufa naye, lakini alikaa naye mpaka pumzi ya mwisho.

Wa tano alilalamika kwamba wanawake katika filamu hii ni mapambo tu. Hoja hiyo ina ushahidi wa kutosha, na hakuna aliyeipinga.

Kosa langu

Wa sita ni msichana ambaye darasani huwa haongei. Aliinuka akasema: "Jambazi hili lilimpiga kijana wa watu mateke ya kichwa…" Nami, kwa mazoea ya miaka mingi, nikamkatiza: "Jambazi huyu alimpiga." Nikaeleza kanuni. Nomino inayotaja kiumbe mwenye uhai, hata ikiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua upatanisho wa A-WA: jambazi huyu amekimbia, majambazi hawa wamekimbia; kijana huyu, vijana hawa. Alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akakaa. Hakuongea tena mpaka chai ilipokwisha.

Wakati wa kuagana alinisogelea getini. Akasema: "Mwalimu, nilijua ni huyu. Lakini mtu anayempiga rafiki yake kichwani namna ile siwezi kumwita huyu."

Alikuwa sahihi kuliko mimi. Kiswahili kina njia ya kumtoa mtu katika A-WA na kumweka katika ngeli nyingine kwa makusudi. Mwizi huwa jizi, na tunasema jizi hili limekuja. Mtu huwa jitu, jitu hili. Mtoto huwa kitoto, kitoto hiki. Umbo hilo laweza kuonyesha ukubwa au udogo tu, lakini mara nyingi huonyesha dharau, chuki au kejeli. Mwanafunzi huyo alilihamishia upatanisho huo neno jambazi, na kwa silabi chache alikuwa ametoa hukumu nzima juu ya Red Leary. Aidha, jambo hili si geni kwa Mnyarwanda. Katika Kinyarwanda umugabo anaweza kuwa akagabo au ikigabo, na upatanisho hufuata. Alichokuwa amekifanya ni kutumia ujuzi wa lugha yake ya kwanza mahali panapofaa katika Kiswahili. Nami niliposahihisha sarufi, nikamnyang'anya maoni.

Sisemi kwamba kila "jambazi hili" ni sahihi. Mwanafunzi akiandika "jambazi hili alikuja", amechanganya. Akiandika "kijana hiki" huku akimsifu kijana, amekosea. Dawa ni kuuliza kabla ya kusahihisha: ulikusudia nini?

Mahali maoni yanapojificha

Kutokana na mazungumzo hayo, nimekusanya mambo manne ambayo mwalimu anaweza kuyaangalia katika maoni ya wanafunzi.

1. Nomino. Thunderbolt anaweza kuitwa mwizi, jambazi, jizi, askari wa zamani, mzee au rafiki. Kila neno ni msimamo. Mwanafunzi aombwe aeleze kwa nini alichagua hilo na si jingine.

2. Upatanisho. Mbali na huyu na hili, tuangalie neno rafiki. Tunasema rafiki yake amekufa, marafiki zake wamekufa. Mwanafunzi wetu aliyezoea inshuti yanjye hupata kimilikishi bila shida, lakini huendelea mbele na kusema "rafiki yake imekufa". Hapo hapana dharau yoyote, ni kosa tu, na lisahihishwe.

3. Vijineno. "Mhubiri alikimbia" ni taarifa. "Eti mhubiri alikimbia" ni shaka. "Kumbe si mhubiri" ni mshangao wa mtu aliyegundua alidanganywa. Sehemu ya kwanza ya filamu hii yaweza kusimuliwa kwa maneno hayo matatu, na kila mara mtazamaji atakuwa amesema jambo tofauti.

4. Mpangilio wa sentensi. "Ni wezi, lakini ni marafiki wa kweli" na "Ni marafiki wa kweli, lakini ni wezi" zina maneno yaleyale. Uzito hubaki kwa kile kinachofuata lakini. Waombe wanafunzi wachague moja na kuitetea kwa tukio kutoka katika filamu. Mgawanyiko utatokea wenyewe.

Mapendekezo kwa walimu

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, tumefanya juhudi kubwa ili wanafunzi wetu waweze kusalimia, kununua, kuomba kazi na kuandika barua. Kutofautiana kwa hoja ni hatua ya juu zaidi, na anayeshindwa kupinga jambo kwa Kiswahili bado hajakimiliki.

Kwa hiyo napendekeza zoezi hili. Chagueni filamu isiyo na msimulizi. Baada ya kuitazama, mwalimu anyamaze. Wanafunzi waongee huku mwalimu akiandika tu sentensi zao, pamoja na makosa yake. Somo linalofuata, sentensi hizo ziandikwe ubaoni bila majina, na darasa lijibu maswali mawili kwa kila moja: msemaji anamwonaje mhusika, na ni neno gani lililotuonyesha hivyo? Hapo ndipo sarufi isahihishwe, kila mmoja akijua inatumika kwa kazi gani.

Hitimisho

Wiki mbili baadaye niliandika ubaoni "Jambazi hili lilimpiga kijana wa watu", bila kumtaja aliyeisema. Darasa lilibishana kwa muda wa dakika ishirini. Nusu walisema ni kosa, nusu walisema ni tusi. Mwishoni mkono mmoja uliinuka nyuma, wa yule msichana. Alisema: "Si tusi, ni adhabu." Nilimwacha amalize.