Kabla Hujamwita Dalali Galbet

Anayetaka kuuza nyumba Galbet, mjini Garissa, Kenya, mara nyingi huanza na fundi wa rangi. Ukuta wa mbele hupakwa, geti husuguliwa kutu, kisha dalali huitwa. Mnunuzi hufika, hutazama, husifu, halafu huuliza swali ambalo rangi haiwezi kulijibu: ploti hii ni ya nani?

Garissa swali hilo ni zito. Sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti bado ni ya jamii na haijasajiliwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, serikali ya kaunti huishika kwa amana tu na hairuhusiwi kuiuza. Hata mjini wapo wengi waliojenga wakiwa na barua ya ugawaji na risiti, bila hati miliki. Kwa kuwa mtu amekaa nayo miaka mingi na majirani wote wanamjua, huiona barua ile kuwa hati. Mahakama ya Juu haikuona hivyo. Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ilisema kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki, bali ni pendekezo la kupewa ardhi, na aliyepewa lazima atimize masharti yake na kusajiliwa. Aliyeshindwa katika kesi hiyo alikuwa amenunua kutoka kwa mwenye barua. Wakili yeyote makini atamkumbusha mteja wake jambo hilo.

Basi pesa ya kwanza imalize usajili: malipo yaliyobaki, mpima ardhi mwenye leseni, mawe ya mipaka, na safari za ofisi ya ardhi. Huchukua muda, na inafaa. Usipoweza kungoja, mwambie mnunuzi waziwazi kwamba unauza kwa barua, na bei ifuate ukweli huo.

Jambo la pili ni marehemu. Nyumba nyingi bado zina jina la baba aliyezikwa zamani, na mtoto mkubwa anayeishi humo hudhani anaweza kuuza. Hawezi. Mama ana thumni yake, mabinti wana mafungu yao, hata aliyeolewa Wajir au anayeishi Minneapolis. Nendeni kwa Kadhi, warithi watajwe wote kwa maandishi, ndipo mzungumzie bei. Ndugu mmoja aliyesahauliwa anaweza kuvunja mauzo mbele ya mnunuzi aliyekwisha kulipa arubuni, na hapo hasara hugeuka uhasama wa koo. Mke wa muuzaji naye ashirikishwe mapema na atie sahihi.

Kuhusu kodi, tangu Januari 2023 faida ya mauzo hutozwa asilimia 15, na muuzaji ndiye hulipa. Lakini aliyeishi mwenyewe katika nyumba hiyo kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza husamehewa, kwa hiyo tunza ushahidi wa makazi yako. Lipa pia ada za ardhi za kaunti uchukue cheti.

Sasa nyumba yenyewe. Baada ya mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024, mnunuzi atauliza kama maji ya Mto Tana yalifika. Kama yalifika, mwonyeshe alama ukutani. Ukizifunika kwa rangi, jirani atamwambia kabla jua halijatua. Rekebisha tangi linalovuja na bili ya maji iwe imelipwa. Choo kikijaa, kinyonywe. Mbao za paa zikaguliwe mchwa.

Na usikate mwarobaini ili ua uonekane mpana. Joto la Garissa linajulikana, na kivuli kile ni sehemu ya bei. Watu wengi huleta mnunuzi asubuhi kukiwa na upepo. Kama nyumba yako imepangwa vizuri, madirisha yanapitisha hewa na mti umefunika ukuta wa magharibi, mlete saa nane mchana.