Majibu ya dodoso yanakwenda wapi?

Msikilizaji wetu wa Ukata na milima ya Mbinga, hadi kule ufukweni Ziwa Nyasa, huenda umewahi kuketi na kijana wa chuo mwenye dodoso mkononi. Anauliza ekari, magunia, idadi ya watoto. Anaandika, anashukuru, anapanda bodaboda. Humwoni tena.

Mara nyingi majibu yako huingia kwenye tasnifu ya Kiingereza na kuwekwa maktabani. Kijana anapata shahada, na ni haki yake. Lakini wewe uliyepoteza nusu siku ya palizi umepata nini?

Tunauliza sasa kwa sababu fedha nyingi zinakwenda vyuoni. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu nchini, unaojulikana kama HEET. Majengo na maabara vinajengwa, wahadhiri wanasomeshwa. Mkopo hulipwa na sote, wakulima wa kahawa wakiwemo.

Utafiti unaorudi shambani unawezekana, na mfano uko hapa hapa Umatengo. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja kuchunguza ngoro. Hawakuja kutufundisha kulima. Walitaka kuelewa kwa nini miteremko mikali namna hii imelimwa miaka mingi bila udongo kuishia mtoni. Unajua mwenyewe: majani yanafyekwa na kupangwa miraba, kisha akina mama wanachimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Majani yanaoza yawe mbolea, na shimo linashika maji ya mvua. Maharage kwanza, mahindi msimu unaofuata.

Kazi ile haikuishia kwenye vitabu. Katika kijiji cha Kindimba wanakijiji na watafiti walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji ya mto. Usimamizi haukuletwa kutoka Morogoro. Ulichukua jina na desturi ya sengu, ule utaratibu wa wazee wa Kimatengo wa kula pamoja na kuzungumza mambo ya ukoo. Na mashine ya maji inataka mto usikauke, hivyo kutunza chanzo cha maji kukawa na faida ya unga. Kwa maoni yetu hapo ndipo ubora wa utafiti unapopimwa, kuliko wingi wa kurasa.

Kahawa nayo ina habari yake. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi 2001, ina kituo Ugano, Mbinga. Aina zake mpya za arabika zinahimili chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo gharama ya dawa inapungua. Ila kung'oa mibuni ya baba na kusubiri miaka kama mitatu bila mavuno si uamuzi wa kuambiwa mara moja mkutanoni. Mkulima anataka kwanza kuiona kwa jirani.

Basi akija mwenye dodoso, muulize barua yake kutoka chuoni na kama amepita kwa mtendaji wa kijiji. Muulize pia matokeo yatasomwa lini mkutanoni, kwa Kiswahili. Nakala fupi iachwe ofisi ya kijiji na kwa afisa ugani. Ukiletewa, tuletee na sisi studio, tutaisoma hewani.