Madai dhaifu, lakini tulilipa

Kuna jambo moja ambalo kwetu kwenye fakilte ya agronomia hakuna mwalimu aliyetugusia: mtu anaweza kukudai bila haki, na bado ukamulipa.

Mwaka uliopita, mwezi wa nane, kikundi chetu hapa Kivu ya Kusini kilimuuzia mfanyabiashara mmoja mbegu za maharagwe. Alipokea, akapima, akatia saini. Nyuma ya wiki tatu anasema hazioti, anataka dolari 3.000. Kumbe magunia aliyalaza chini, kwenye sima yenye maji. Mbegu ikishika unyevu na joto, nguvu ya kuota inakufa. Kontra ilikuwa upande wetu, na kifungu cha 33 cha dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 kinasema makubaliano halali njo sheria ya wale walioyafanya.

Avoka wetu akatufanyia hesabu. Nafasi ya yule bwana kushinda: labda moja juu ya kumi. Basi madai yake yana uzito wa dolari 300 tu. Lakini kujitetea kungetukula 500, tushinde tusishinde. Jumla, kesi ni hasara ya 800 kwetu. Njo pale madai dhaifu yanapata bei: haitoki kwenye haki ya anayedai, inatoka kwenye gharama ya anayedaiwa.

Sasa geuza hesabu. Yeye pia angetoa 500 kutafuta 300. Mwenye akili haendi tribinali namna hiyo, anatisha tu. Isipokuwa kama amekwisha kumulipa avoka wake: feza ile imeenda, kuendelea hakumugharimu tena kitu. Kwa hiyo, mbele ya kuuliza kama ana haki, uliza amekwisha kulipa nini. Sisi hatukuuliza.

Kilichotuvunja ni msimu. Tulikuwa na tani mbili kwenye depo, msimu A unaanza mwezi wa tisa, na mnunuzi mwingine aliposikia maneno hayo akasema atangoja kwanza. Mbegu isiyouzwa kabla ya kupanda inageuka maharagwe ya chungu, na bei inaanguka. Yule bwana alijua kalenda kuliko sheria.

Tukamupa 200, na karatasi yenye saini za pande mbili kwamba madai yote yameisha (bila ile angerudi). Bado inaniuma.

Leo kontra zetu ziko na mustari mupya: ndani ya siku 10 mnunuzi anaotesha mbegu 100 mbele ya mmoja wetu, zilizoota zinahesabiwa, wote wanatia saini.