Timu ikifungwa, sahani inajaa

KWA shabiki wa Tunduma, Ligi Kuu ya kuiona kwa macho iko Mbeya, Uwanja wa Sokoine, kama kilomita 100 hivi kwa barabara. Wengi hawaendi. Wanamalizia kibanda umiza, na kibanda umiza hakikosi jirani mwenye karai la chipsi.

Mechi ya saa 1 usiku inaanza na zege. Mapumziko inashuka soda ya pili. Ikifika Ligi ya Mabingwa Ulaya, inayopigwa saa 4 au saa 5 usiku, inaagizwa mishikaki au kitimoto, kisha mtu huyo kitandani. Kiungo aliyekuwa kwenye runinga amekimbia kilomita 10 na ushee. Shabiki hajatoka kwenye benchi.

Mji wenyewe unachangia. Tunduma ni lango la Zambia na DR Congo. Dereva wa lori anashinda kwenye usukani na kwenye foleni, jioni burudani yake ni mpira na msosi. Mama ntilie anayejaza sahani ndiye mwenye wateja, ugali ukiwa mdogo kelele zinaanza. Kitambi nacho kinasifiwa: “Bosi, mambo yako safi!”

Lakini namba zinatisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene. Wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 36. Wanaume wako nyuma yao, ila presha na kisukari havibagui jezi.

KIPIGO NA NJAA

Mwaka 2013, watafiti Yann Cornil na Pierre Chandon wa chuo cha INSEAD, Ufaransa, walitoa matokeo ya utafiti kuhusu mashabiki wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Katika miji ambayo timu yake ilifungwa Jumapili, Jumatatu watu walikula mafuta mabaya zaidi kwa asilimia 16. Timu iliposhinda, yalipungua kwa asilimia 9.

Yaani mtu anajifariji kwa sahani. Aliyewahi kupigwa kwenye Dabi ya Kariakoo anaelewa: utani wa mtaani hauvumiliki, chipsi zinavumilika.

SKOTI WALIFANYA HIVI

Dawa nayo ilitoka klabuni. Klabu 13 za Skoti ziliwaita mashabiki wanene wa miaka 35 hadi 65 viwanjani kwao, mara moja kwa wiki, wiki 12. Makocha wa klabu ndio waliosimamia. Walijifunza kupunguza kipimo cha chakula na bia, wakaanza kutembea, kisha mazoezi.

Matokeo yalichapishwa 2014 kwenye jarida la Lancet. Baada ya mwaka mmoja, walioshiriki walikuwa wamepungua karibu kilo 5 zaidi ya wenzao waliosubiri zamu. Wanaume wasiokanyaga kliniki walikwenda kwa sababu waliitwa na timu yao.

Hapo ndipo matawi ya Simba na Yanga ya Tunduma, Vwawa na Mlowo yana nafasi. Tawi lina viongozi, lina wanachama, lina jezi. Likiweza kukusanya watu kwa ajili ya mechi ya usiku, haliwezi kushindwa kuwakusanya saa 12 asubuhi Jumamosi kwa jogging.

Kibandani napo hakuna anayeambiwa ashinde njaa. Chipsi nusu sahani, kachumbari ijae. Ugali upungue, mboga za majani na maharage yaongezeke, na Songwe maharage si ya kutafuta. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai, hivyo ya pili iwe maji.

Tawi litakaloanza linahitaji kiwanja cha shule, mwalimu wa mazoezi na tepu ya kupimia kiuno. Wa kwanza kupimwa awe mwenyekiti.