Tela la Kambi kwa Familia ya Kipato cha Kawaida: Tutazame Nini Kabla ya Kutoa Fedha

Mwezi wa Juni huku Karagwe na Kyerwa hukutanisha mambo matatu: mvua za masika zimekwisha, shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka, na kahawa huanza kupelekwa katika vyama vya msingi. Ndipo wazazi wanapofikiria kutoka na watoto wakalale nje siku mbili tatu. Pa kwenda papo karibu. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na mwaka huo huo ikaanzishwa Burigi-Chato.

Safari hii, hata hivyo, baadhi ya familia za jamaa zetu zimeleta rai mpya katika kamati: zichangie fedha na kununua tela la kambi, yaani tela linalokokotwa na gari, lenye hema la kukunjua, jiko, tanki la maji na betri. Mengi ya aina hiyo hutengenezwa Afrika Kusini, na picha zake zinavutia. Fedha inayokusudiwa ni ya kahawa, ile ile inayongojwa na ada za Januari. Kwa sababu hiyo tumezungumza na madereva na mafundi, na haya ndiyo tuliyoyaona.

La kwanza ni gari, wala si tela. Kila gari lina kikomo cha uzito linaoweza kuukokota, na kikomo hicho hutofautiana kwa tela lenye breki zake na lisilo nazo. Gari dogo la injini ya CC 1300 lisihesabiwe kabisa katika jambo hili. Muuzaji naye hutaja uzito wa tela likiwa tupu, ilhali hakuna anayesafiri na tela tupu. Lita 100 za maji pekee ni kilo 100. Ongeza magodoro, mtungi wa gesi, vyombo na mkungu wa ndizi, kisha ulinganishe jumla na kikomo cha gari lako.

Milima yetu inajulikana. Kupanda ni kazi ya injini, lakini kushuka ndiko kunakoua, kwa kuwa tela zito lisilo na breki hulisukuma gari kwa nyuma. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela iegemee ndoana ya gari. Ukilundikwa nyuma, tela huanza kuyumba kushoto na kulia, na dereva asiyezoea hushindwa kulirudisha. Mtoto asipandishwe ndani ya tela, hata kwa mwendo wa kilomita moja.

Anayenunua tela lililotumika alale chini alitazame uvungu wake kabla ya kufungua makabati. Nyufa kwenye maungio ya chuma, majani ya springi yaliyokatika na beringi zinazolia ni gharama zinazomngoja. Tairi lisihukumiwe kwa kashata zake tu, kwani tela hukaa uani miaka likiota jua. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwezekana magurudumu yalingane na ya gari, ili tairi moja la akiba litumike kotekote. Na hema likunjuliwe lote, kwa kuwa turubai lililooza kwa ukungu halishoneki.

Juu ya bei kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na usajili, maana tela hupewa namba yake yenyewe. Baada ya hapo hesabuni usiku. Familia inayotoka mara mbili kwa mwaka, usiku tatu kila safari, italitumia tela usiku sita, na siku nyingine zote litakaa uani likizeeka.

Rai yetu basi ni kwamba familia nyingi hazihitaji tela la kambi. Kwa safari ya usiku mbili, pikapu ya kukodi, hema mbili imara, turubai la kivuli na madumu vinatosha. Wanaotoka mara kwa mara, na wenye gari linalofaa, wafikirie tela la kawaida la mizigo, ambalo fundi wa kuchomelea mjini anaweza kulitengeneza na hata kulirekebisha likivunjika. Siku za kawaida litabeba ndizi, mbolea na mchanga, na hivyo kurudisha sehemu ya gharama yake. Wafanyabiashara Waislamu waliokuwa na kituo Kafuro, hapa Karagwe, katika karne ya 19, walifika kwa miguu kutoka Unyanyembe wakilala njiani katika mahema, na mizigo ikiwa mabegani mwa wapagazi.

Maji ndiyo yanayoharibu kambi nyingi. Tuchukue familia ya watu sita. Kunywa na kupika, lita tano kwa kila mmoja, ni lita 30 kwa siku. Kuosha vyombo, lita kumi. Udhu nyumbani kwenye bomba hula lita nyingi bila kuonekana, ilhali imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Kwa birika la lita moja, watu watano wanaosali wakitawadha mara tano ni lita 25. Jumla ni lita 65 kwa siku, na siku mbili ni lita 130, yaani madumu saba ya lita 20. Dumu hubebwa na mtu mmoja na hujazwa popote. Tanki la tela likipasuka, maji yote yamekwenda. Mtoto asitumwe kuteka Mto Kagera, una viboko na mamba. Ama kufupisha sala hutegemea umbali wa kila safari, na imamu aulizwe kabla ya kuondoka.

Umeme ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa tano hutumia wati-saa 100, na simu nne hazifiki nyingine 100. Paneli ya wati 100 yenye jua la saa nne huleta hadi 400, ukitoa kinachopotea njiani. Kinachopandisha gharama ni friji, ambayo peke yake yaweza kumaliza 400 kwa siku na kudai paneli na betri kubwa zaidi. Kuku akichinjwa na kukaangwa nyumbani, pakiwa na dagaa na maharage, friji haina kazi.

Wanaoendelea na nia ya kununua kwa ushirika wasikope kwa riba, na waandike kabla ya kuchanga: nani atalipa tairi likipasuka akiwa nalo mwingine, anayetaka kujitoa atarudishiwa nini, na nani atalichukua wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, kwa maana wote wataitaka hiyo hiyo. Wakati huo huo, wakodi hema watoke mara moja. Hema liwe na pazia la kuwatenga wanawake, na suala la vyoo liulizwe mapema katika ofisi ya hifadhi, pamoja na viwango vya kiingilio na kulala. Kambi hupigwa mahali palipotengwa tu, na malipo ya TANAPA hufanywa kwa namba ya malipo, si kwa fedha taslimu langoni.